Mtoto Anamkimbilia Nani

Miaka ile vijiji vya ujamaa vilipokuwa bado vinajengwa, nilikuwa muuguzi msaidizi katika zahanati moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Mbamba Bay. Mimi ni mtu wa milimani, upande wa Litembo, kwenye kahawa na baridi na yale mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo tunayachimba ubavuni mwa mlima ili mvua isisombe udongo. Ziwani nilipelekwa na barua ya serikali. Mume wangu alikuwa mwalimu Tunduru, naye alipelekwa na barua, na tulionana likizo kwa likizo. Hatukulalamika sana. Ndivyo watumishi tulivyoishi wakati ule.

Binti yetu wa kwanza nilimzaa huko huko ziwani. Alipofikisha miezi tisa alikuwa ameshaugua malaria mara tatu, na mara ya tatu alipata degedege mikononi mwangu, mimi niliyekuwa nikiwafundisha akina mama wenzangu namna ya kushusha homa. Mama yangu alipopata habari alishuka kutoka milimani, akafika na kanga mbili na mfuko wa maharage, akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi.

"Huku mbu watakumalizia mtoto," alisema. "Nipe nikae naye kule juu mpaka akomae."

Nikampa. Nilisema mwezi mmoja. Wakapanda lori lililokuwa likirudi Mbinga, na mtoto alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake, hakuona nilivyobaki barabarani. Mwezi ukawa miwili, kisha mvua zikaharibu barabara, kisha zahanati ikabaki na mimi na mganga peke yetu. Katika miezi mitano nilipanda kwenda kumwona mara moja tu, siku mbili.

Nilikuwa katika hali hiyo mtafiti alipokuja.

Alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, mwembamba, mwenye miwani na Kiswahili cha darasani, kizuri lakini cha polepole. Alikuja na gari na barua ya mkoa, na mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano ili atambulishwe. Mwenyekiti alijitahidi kueleza barua ile ilivyosema.

"Mama huyu amekuja kupima jinsi mtoto mchanga anavyompenda anayemlea."

Watu wakacheka. Mvuvi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akauliza kwa sauti, "Anapima kwa kilo au kwa futi?"

Mtafiti alisubiri kicheko kiishe. "Kwa macho," alisema, "na kwa saa." Akainua saa yake, ile ya kubonyeza inayosimama na kuanza upya. Tangu siku hiyo watoto walimwita mama wa saa, na wakubwa nao wakafuata.

Mganga wangu aliniazimisha kwa mtafiti kwa miezi miwili, kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika vizuri na Kinyasa nilikijua, walau kile cha zahanati: inauma wapi, tangu lini, umekula nini. Kazi yetu ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza tulikwenda nyumbani kwa mtoto tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Tulikaa pembeni, tukakataa viti vizuri, tukakataa kuongea, tukatazama. Kila robo ya dakika niliweka alama kwenye karatasi: nani amembeba, mtoto anamtazama nani, amelia, nani amemwitikia na baada ya muda gani. Mwanzoni niliona ni upuuzi. Nimelea, nimezalisha, nimepima uzito watoto mpaka mikono ikauma. Nitaonyeshwa nini na karatasi? Lakini kufikia wiki ya pili nilikuwa naona mambo niliyokuwa nikiyapita kila siku. Niliona mtoto anayetambaa kufuata kuku, halafu ghafla anageuka kuhakikisha mama yake yuko pale pale, kisha anaendelea na kuku wake. Niliona kwamba mama akiinuka kwenda jikoni, yule kuku hana maana tena.

"Umeona?" mtafiti aliniambia tulipokuwa tukirudi. "Akiwa mchanga kabisa, mikono yoyote inamtosha. Lakini karibu na miezi saba anaanza kuchagua. Na akishachagua, huyo mtu anakuwa kama nyumba kwake. Anatoka, anatembea, anarudi."

"Na asipokuwepo huyo mtu?" niliuliza.

Alinitazama kidogo. "Hilo ndilo tunalolitazama kwenye chumba," alisema.

Chumba kilikuwa stoo ya duka la ushirika, ambayo wakati huo haikuwa na kitu zaidi ya harufu ya mafuta ya taa. Tuliifagia, tukaweka mkeka, viti viwili, mwanasesere wa plastiki, mpira na kopo lenye mfuniko. Upande mmoja tulitundika mkeka wenye tundu, na mtafiti na mimi tulikaa nyuma yake. Mpango ulikuwa hivi: mama anaingia na mtoto, wanakaa, mtoto anacheza. Kisha anaingia mtu mgeni, asiyejulikana na mtoto. Kisha mama anatoka na kumwacha mtoto na yule mgeni kwa dakika tatu. Kisha mama anarudi. Baada ya hapo mama anatoka tena na mtoto anabaki peke yake, halafu mgeni anaingia, halafu mama anarudi mara ya mwisho.

"Usitazame analia kiasi gani mama akitoka," mtafiti alinionya. "Mtoto yeyote anaweza kulia. Tazama anafanya nini mama akirudi."

Siku ya kwanza mgeni nilikuwa mimi. Nilivaa gauni la kawaida, nikaingia nikitabasamu kama nilivyoagizwa, na kabla sijakaa mtoto alikuwa amepiga ukelele uliosikika ufukweni. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alipanda juu ya mama yake mpaka begani. Mtafiti alitoka nyuma ya mkeka akiwa amechanganyikiwa, anasema hajapata kuona jambo kama hili popote. Mama wa yule mtoto wa tatu ndiye aliyetuambia, huku akicheka mpaka machozi yanamtoka.

"Huyu si mgeni. Huyu ni sindano!"

Kweli. Watoto wote wale niliwachanja mimi. Tukatafuta mgeni mwingine, tukampata mwalimu wa elimu ya watu wazima, dada wa Kiislamu kutoka Tanga aliyekuwa amehamia wiki ile ile, bado anashangaa ugali wetu wa muhogo. Alikuwa mpole na hajamchoma mtu, na kazi ikaendelea.

Lakini si kwa urahisi. Watoto wa pale hawakuzoea kuachwa na mtu wasiyemjua, hata dakika moja. Wengi walilia hivi kwamba mtafiti alinigusa bega nami nikakimbia kumrudisha mama kabla ya muda. Mwanasesere walimwogopa, kopo ndilo walilolipenda. Na mama aliporudi, wengi walifanya jambo moja: walinyoosha mikono, wakabebwa, wakajificha shingoni, na baada ya muda kidogo wakataka kushuka warudi kwenye kopo. Hao mtafiti aliwaita waliotulia. Wapo waliobebwa na bado wakaendelea kulia kwa hasira, wanamng'ang'ania mama na kumpiga wakati huo huo. Na wachache walikuwa hawamwendei kabisa. Kila tendo lilipewa alama kutoka moja hadi saba: kumwendea mama, kumng'ang'ania, kumkwepa, kumkataa.

Katika wiki ya nne aliingia mama mmoja kijana na mtoto wake wa kiume wa miezi kumi na mitatu. Huyu mama nilimfahamu kwa bidii yake. Alikuwa wa kwanza kufika kwenye shamba la kijiji, na jioni alikwenda darasa la watu wazima, ambako alikuwa ameshapita jaribio la kwanza na kuringa nalo kwa haki. Alimketisha mwanawe kwenye mkeka. Mtoto akachukua kopo, akaligonga, akafurahi. Mama akatoka. Mtoto akautazama mlango, hakulia, akaendelea kugonga kopo. Mwalimu wa Tanga alimkaribia, mtoto akamruhusu. Dakika tatu zikapita. Mama akaingia akiinama, mikono mbele, anamwita kwa jina la utani la nyumbani.

Mtoto alimtazama mara moja. Kisha akageuza uso, akatambaa akampita pembeni, akaenda kukaa karibu na mlango akitazama nje.

Mtafiti alivuta karatasi. Kwenye safu ya kumkwepa aliandika sita.

Jioni ile yule mama alinifuata zahanati nikiwa nafunga madirisha.

"Nesi, mwanangu kapata ngapi?"

Nilitakiwa kumwambia kwamba alama hizo si za kutolewa. Badala yake, kwa uchovu au kwa woga, nikasema, "Sita."

"Kati ya ngapi?"

"Saba."

Alipiga makofi. "Sita kati ya saba! Na hakulia, uliona? Wa wenzangu wamelia kama mbuzi!" Akaondoka akiwa karibu kucheza njiani, nami nikabaki nimeshika komeo la dirisha.

Nilidhani litaishia hapo. Kesho yake bombani wanawake wote walikuwa wakijua kwamba mtoto yule amepata sita. Mama wawili wakaja kuuliza za wao. Mmoja ambaye mwanawe alikuwa ametulia kabisa, na hivyo kwenye safu ile ya kukwepa alikuwa na moja, aliniuliza mbele ya watu, na mimi nikasema sijui. Siku tatu niliishi hivyo, nikikwepa macho ya watu. Siku ya nne nikamweleza mtafiti.

Aliweka kalamu chini. Hakunigombeza, na nafikiri angenigombeza ningejisikia vizuri zaidi. "Hili ni kosa langu pia," alisema. "Sikukueleza utawaambia nini. Lakini hatuwezi kumwacha mama yule hivyo. Na hata sisi hatujui maana ya ile sita. Nyumbani kwake hatujakwenda bado."

Ilikuwa kweli, kwa mtoto huyo tulitanguliza chumba kwa kuwa mama yake alikuwa na zamu shambani. Basi tukaenda asubuhi iliyofuata. Tulimkuta mama anafunga kanga tayari kwa kazi. Alimnyonyesha mtoto haraka akiwa amesimama, akamkabidhi kwa mama mkwe wake, akachukua jembe akaondoka. Mtoto hakugeuka. Alikuwa ameshajilaza mgongoni kwa bibi.

Bibi yule alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito, na mikono iliyokaza kwa kuanika usipa, wale samaki wadogo ambao pale ndio mboga ya kila siku. Kwa saa nne nilijaza karatasi, na karibu alama zote zilikwenda upande mmoja. Bibi amembeba. Bibi amemwitikia. Mtoto anamtazama bibi. Bibi alipokwenda kuteka maji, mtoto alisimama kwa kushikilia ukuta akalia mpaka bibi alipotokea kwenye njia, na alipotokea, yule mtoto ambaye karatasi yetu ilisema ni mkwepaji alijitupa chini akatambaa kwa kasi, akamshika miguu, akapanda.

Mtafiti alivua miwani akaifuta. "Tulimpima na mtu asiye wake," alinong'ona.

Mama aliporudi adhuhuri, mtafiti alimweleza kwa Kiswahili chake cha polepole, nami nikatia Kinyasa pale kilipohitajika. Mama alisikiliza akipangusa udongo kwenye jembe.

"Mngeniuliza," alisema. "Ningewaambia huyu ni wa bibi yake. Mimi namnyonyesha tu. Asubuhi nipo shamba la kijiji, mchana kwenye muhogo wangu, jioni darasani. Atanijua saa ngapi?"

"Kwa nini hukutuambia?" mtafiti aliuliza.

"Mlisema mama aje na mtoto. Mama ni mimi."

Halafu nikamwambia lile la sita. Nilimwambia mwenyewe, kwa Kinyasa kibovu, kwamba sita ile haikuwa sifa, ilikuwa alama ya mtoto kumkwepa mama, na kwamba nilijua hivyo wakati napokea furaha yake.

Aliliegemeza jembe ukutani.

"Siku nne," mama alisema. "Nimewaambia watu wote. Na wewe ulikuwa unanitazama."

"Nisamehe, dada."

"Na wako yuko wapi, Nesi?"

Alikuwa anajua. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. "Yuko kwa mama yangu, juu."

"Basi mlete na wewe kwenye stoo yenu, tumtazame." Akaingia ndani.

Mtafiti aliomba bibi aje chumbani na mjukuu wake, na baada ya maneno mengi bibi alikubali. Alipoambiwa atoke amwache mtoto na mwalimu wa Tanga alisimama katikati ya chumba. "Nimwache na mtu asiyemjua kwa sababu gani?" Akaelezwa tena. Akatoka. Mtoto alipiga kelele, na bibi hakungoja ishara wala dakika, alirudi papo hapo akambeba. "Hesabu zenu mtamalizia wenyewe," alisema, akaondoka naye moja kwa moja nyumbani. Kwenye karatasi ile mtafiti hakuandika alama. Alichora mstari, na chini yake akaandika neno moja tu ambalo sikulisoma. Lakini kuanzia siku hiyo fomu zetu zilikuwa na swali jipya juu kabisa, kabla ya umri na kabla ya uzito. Aliniomba nimsaidie kulitunga kwa Kiswahili kisichomwonea mtu, nami nikaandika: Mtoto anamkimbilia nani?

Kazi ilianza kunishinda. Swali lile nililiuliza nyumba kwa nyumba kwa wiki moja, na kila nilipoliuliza nilijisikia nimeulizwa mimi. Nikaomba likizo. Mganga alinipa wiki mbili.

Nilipata lori mpaka Mbinga mjini, na asubuhi nikaanza kutembea. Ukitoka joto la ziwani, baridi ya kule juu inakushika kifuani. Nilifika nyumbani mchana. Mama yangu alikuwa uani anachagua maharage, na binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni yake, amenenepa, mashavu yamejaa, nywele zimesukwa. Alikuwa na miezi kumi na mitano. Nilijua umri wake hivyo, kwa miezi, kwa sababu huo ndio umri tuliokuwa tunautafuta kwenye daftari letu.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Mbona hukuleta habari?"

Binti yangu alinitazama. Niliweka mzigo chini, nikanyoosha mikono, nikamwita. Alinitazama tena kwa makini, kama mtu anayesoma barua isiyo yake, kisha akageuka akajificha kwenye kanga ya bibi yake. Sikuwa na saa, lakini nilihesabu. Siku zile nilikuwa nahesabu bila kukusudia. Nilipofika kwenye ishirini sikuvumilia, nikamchukua kwa nguvu. Alijipinda kwa nyuma, akakaza mgongo, akalia kilio kile kile ambacho watoto wa ziwani walimlilia muuguzi mwenye sindano.

"Mrudishe," mama yangu alisema. "Unamtisha."

Nikamrudisha. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye kahawa, nikalia mpaka nikachoka. Nilikuwa najua jina la kila alichokifanya. Ningeweza kumpa alama. Na kujua kote huko hakukunisaidia kitu.

Mama yangu hakuwahi kuingia darasani, lakini alikuwa amelea watoto saba wa tumbo lake na wajukuu wasiohesabika. Jioni ile aliniambia, "Usimwite. Usimfuate. Kaa mahali anapokuona, fanya kazi yako." Nikafanya hivyo. Nilikaa uani nikachambua maharage kwa siku nyingi kuliko maharage yenyewe. Siku ya kwanza na ya pili alinizunguka kwa mbali akiwa ameshika kanga ya bibi. Siku ya tatu aliacha kanga lakini akabaki upande ule. Siku ya nne alikuja mpaka hatua tatu, akaniwekea gunzi la mahindi chini, akakimbia kurudi kwa bibi, akageuka kuona nitafanya nini. Nililichukua nikamshukuru kwa sauti ya kawaida. Alicheka. Akaleta jingine. Siku ya tisa alisinzia mchana akiwa ameegemea paja langu, na nilikaa bila kujongea mpaka mguu ukafa ganzi, huku mama yangu akinitazama kutoka mlangoni.

Nilikuwa nimekuja kumchukua. Sikuwa nimelisema, lakini mama alilijua. Siku ya kumi na moja nilimkuta anafua nguo za mtoto zote kwa pamoja na kuzianika.

"Mbona zote?"

"Si umemfuata mwanao? Atasafiri na nguo chafu?" Alisema bila kunitazama. Kisha akachukua kikapu akaenda kwenye kahawa, ambayo wakati ule wa mwaka haikuwa na tunda hata moja la kuchuma.

Nilimwacha huko kidogo. Nilikuwa nimemwona bibi wa ziwani akirudi mbio chumbani bila kungoja ishara. Nilikuwa nimemwona mjukuu wake akisimama kwa kushikilia ukuta. Kama ningempakia binti yangu kwenye lori na kumpeleka kwa mwanamke aliyemzoea kwa siku tisa, ningekuwa namtoa chumbani mtu wake na kumwambia asirudi. Nikamfuata mama kwenye kahawa.

"Mama, twende wote."

"Wapi?"

"Ziwani. Ukae mpaka kahawa ziive."

Alicheka kwa dharau. "Mimi? Nikaishi kwenye mchanga, nikale usipa wenye macho?"

"Mpaka kahawa ziive tu."

"Na shamba langu?"

"Mke wa kaka yupo."

"Na mbu?"

"Nina chandarua kipya, na klorokwini nitampa kila wiki mwenyewe. Safari hii nitafanya kama ninavyowafundisha wengine."

Hakujibu siku hiyo. Kesho yake nilimkuta anafungasha maharage, mengi, kama mtu anayekwenda nchi isiyo na chakula.

Tulipofika ziwani mtafiti alikuwa anakaribia kumaliza. Alikuja kutusalimu, akapiga magoti kumtazama binti yangu, na nikaona swali usoni mwake kabla hajalitoa.

"Umri wake unafaa," alisema kwa upole. "Lakini si lazima."

"Chumbani hapana," nilijibu. "Fomu nitajaza."

Nikachukua fomu nikakaa mezani. Jina la kijiji. Kisha lile swali langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kalamu ilisimama muda. Nikaandika: bibi. Nilipompa karatasi aliisoma, akaikunja, akaniwekea mkono begani. Baada ya wiki mbili aliondoka. Kabla hajaondoka alikwenda kuagana na yule mama wa ile sita, na niliona wawili wale wamekaa nje ya nyumba muda mrefu. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba mama yule aliomba kamati ya kijiji imhamishie kwenye kituo cha kulelea watoto, ambako kazi ya siku ilihesabiwa sawa na ya jembe, ili awe na mwanawe asubuhi. Kamati ilibishana, mwisho ikakubali. Mimi alinikasirikia kwa mwezi mzima, kisha siku moja akaleta samaki zahanati, akaweka mezani akasema ni wa mama yangu, si wangu. Tukaanzia hapo.

Mama yangu alikaa ziwani miezi sita. Hakulipenda ziwa hata siku moja. Aliketi akiwa amelipa mgongo. Lakini yeye na yule bibi mfupi wa usipa walipatana vizuri kuliko nilivyotegemea, mmoja akisema Kimatengo na mwingine Kinyasa, Kiswahili kikiwa katikati kama daraja bovu. Mwanzoni binti yangu akiumia alimkimbilia bibi. Kisha ikawa yeyote aliye karibu. Kisha, polepole mno, zipo siku alimwacha bibi aliyekuwa karibu akaja kwangu niliyekuwa mbali. Siku ya kwanza alipofanya hivyo mama yangu alijifanya hajaona.

Kahawa zilipoiva wanawake wa pale walitushauri bibi aondoke mtoto akiwa amelala, ndivyo inavyofanywa, ili asilie. Mama yangu alikuwa karibu kukubali. Mimi nilikataa. Aliondoka asubuhi, mtoto akiwa macho, ameshashiba. Alimbeba mpaka kwenye lori, akamwambia anakwenda kuchuma kahawa na atarudi, akamweka mikononi mwangu. Binti yangu alilia mpaka sauti ikakauka. Alinipiga kifuani kwa ngumi zake ndogo. Sikumnyamazisha. Nilikaa naye pale kando ya barabara hadi alipochoka, akalaza kichwa, akavuta pumzi ndefu ya kwikwi. Siku mbili aliamka akimtafuta. Siku ya tatu alianguka uani akajikwaruza goti, akasimama, akatazama kushoto na kulia, akanijia.

Tulipanda kwenda kumwona bibi kila likizo, na mwaka uliofuata nikapata uhamisho kwenda milimani. Binti yangu alikua akimwita bibi yake mama, na mimi aliniita mama mdogo mpaka alipoanza shule, walimu walipomcheka. Mama yangu alipofariki, binti yangu alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Msibani watu wasiotufahamu walimshika mkono wakampa pole ya kufiwa na mama, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni yake kwenye mkeka nikapewa pole hiyo hiyo. Mtu mmoja akaniuliza kama sisi ni ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia ndiyo.